Mkonge wa Mishi

Kilima cha Kavumbu si kirefu. Mwenye magoti mazima hukipanda bila kupumzika, na mwenye magoti kama yangu hupumzika mara moja tu, akisingizia kwamba anatazama mashamba. Kiko upande wa mawio wa soko la Kalamba, na nyumba zetu zimekizunguka chini kama watu wanaoota moto. Mwaka jana wanaume wetu walitaka kukikata vipande vipande, kila mtu chake, na neno la mwisho likaangukia kwa mwanamke ambaye hakuwa na hata mahali pa kupanda mchicha.

Mimi naitwa Kaluki, mke wa Muthama. Nilipoolewa hapa, vita vya Mzungu vikiwa bado havijaisha, Kavumbu kilikuwa na upara. Mbuzi walikuwa wamekula nyasi, wakala majani, wakaanza kula magome. Mvua ikinyesha, maji hayakuingia ardhini. Yalishuka mbio na mawe, yakapita katikati ya mahindi yetu kama watu wenye haraka ya kwenda mjini Wote. Bwana shamba wa serikali alikuja na kamba na vigingi, akatuambia tuchimbe mitaro na tukifunge kilima, mnyama yeyote asipande. Wanaume walimsikiliza, wakatikisa vichwa, na alipoondoka wakasema, "Hii ni ya kutuhadaa. Tukishatengeneza, Mzungu atakuja aseme ni yake." Hawakuwa wajinga kusema hivyo, maana walikuwa wameona mambo. Lakini mawe yaliendelea kushuka.

Mwaka wa hamsini na tatu korongo lilipasua shamba la Syokau katikati, mbaazi zake zikabaki zimening'inia ukingoni, mizizi nje. Syokau ndiye kiongozi wa mwethya wetu, yaani kundi la wanawake wanaolimiana kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako, na mwenye shamba ndiye anayepika. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha wafu. Alisimama kwenye ukingo wa lile korongo akasema, "Mimi singoji Mzungu, na bwana yangu pia simngoji. Tufunge hii kilima sisi wenyewe."

Wazee wa nzama, wale wanaoamua mambo ya mashamba na ndoa, walikubali. Chifu naye alikubali, kwa kuwa hakuambiwa atoe kitu. Shauri likakatwa kwamba hakuna kwato Kavumbu. Nyasi za kuezekea zingekatwa kwa mkono, siku moja kwa mwaka, na kila nyumba ipate fungu lake. Atakayeingiza mnyama atatoa mbuzi, na mbuzi huyo ataliwa na watu wote yeye akitazama.

Tukazungushia mkonge chini ya kilima chote. Miche ililetwa na lori kutoka upande wa Kibwezi, nasi tukaipanda masika yakielekea kuisha. Hapo ndipo tulipokosea, na lilikuwa kosa la Wakamba hasa. Kwetu mkonge si ua tu. Ukitaka jirani ajue shamba lako linaishia wapi, unapanda mstari wa mkonge, na siku ya ugomvi wazee wakija hawaulizi mengi. Wanauliza huu aliupanda nani. Hilo tunalijua tangu tuko mgongoni mwa mama zetu. Lakini ili kazi iwe nyepesi, Syokau alisema kila mwanamke apande mbele ya nyumba yake, asihangaike kubeba miche mbali. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Sisi tulikuwa tunawaza mbuzi.

Mbele ya nyumba ya Ndeti hapakuwa na wa kupanda. Mkewe, Muthoki, alikuwa amejifungua siku hizo. Ndeti mwenyewe, mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi sote na maneno mengi kuliko ng'ombe, alisimama mlangoni akatuambia yeye hapandii Wazungu ua. Sehemu hiyo aliichukua Mishi.

Mishi ni mke wa Hemedi, mwenye duka pale sokoni. Alizaliwa Kitui mjini, na baba yake alikuwa mtu wa pwani aliyekuja bara kufuata biashara akazoea. Kikamba chake ni safi kuliko cha mume wangu, na Kiswahili chake kinatushinda sote. Aliingia mwethya kwa hiari yake, ingawa hakuwa na shamba la kulimiwa. Zamu yake ilipofika, tulikwenda na majembe yetu tukafagia uwanja wa duka, tukanywa chai ya tangawizi, tukacheka mpaka Hemedi akatoka kuuliza kuna nini. Yeye Mishi alicheka pamoja nasi, lakini mimi nilikuwa karibu naye, na niliona kicheko chake kinaisha kabla ya chetu.

Kitu alichokitaka Mishi duniani ni shamba. Halikuwa shamba kubwa, bali kipande cha kupanda mchicha, biringani na pilipili zake. Duka lilikuwa kwenye kiwanja cha soko, na nyuma yake ni mwamba mtupu. Aliomba pembe ya shamba kwa jirani yetu Kilonzo, akapewa. Akatoa mawe, akabeba samadi kichwani msimu mzima, na udongo ulipogeuka mweusi Kilonzo akakumbuka kwamba mwanawe anaoa. Akaenda kwa mzee Jonah, mzee wa kanisa letu, akapewa kipande karibu na mto. Mawe yakatoka, samadi ikaingia, udongo ukawa mweusi, na Jonah naye akawa na mtoto wa kuozesha. Akufukuzaye hakwambii toka. Kwetu hukuambia kuna harusi.

"Kaluki dada yangu," aliniambia siku alipong'oa biringani zake za mwisho, "mimi nataka ardhi ambayo nikiitia samadi, haitapata mchumba." Alisema kwa utani, lakini macho yalikuwa mekundu.

Kavumbu, wakati huo, kilikuwa kinarudi. Msimu wa kwanza hatukuona kitu ila magugu. Wa pili nyasi zilishika mawe. Baada ya hapo tulipoteza hesabu ya vitu vilivyokuwa vikirudi: kanga, kwale, nyuki kwenye mizinga ambayo wazee walikuwa wameiacha mitupu, na ngomoa, yale matunda ya porini ambayo watoto wangu walikuwa wanayajua kwa jina tu. Halafu chemchemi. Bibi wa mume wangu alikuwa akisema zamani kulikuwa na maji pale kwenye mawe mawili, nasi tulimwitikia kama unavyomwitikia bibi. Siku moja Syokau alikwenda kukagua mkonge akarudi na sketi imelowa mpaka magotini.

Jumapili, baada ya ibada, tukaanza kukipanda kilima. Hakuna aliyetuambia tupande. Mahubiri yakiisha watu walitoka na nguo zao safi, wakashika njia ya kilima, vijana mbele na sisi wenye magoti nyuma. Juu kuna mwamba mpana wa kukalia. Wengine waliimba, wengine walilala, wachumba walikaa mbali kidogo wakijifanya wanatafuta ngomoa. Asubuhi isiyo na ukungu unaona milima ya Chyulu, na wapo wanaoapa kwamba wanaona moshi wa treni upande wa Emali. Mimi sijauona, lakini sibishani na mtu anayetaka kuona. Mishi na Hemedi walikuja na birika na mahamri, na ni pale juu nilipoonja mahamri kwa mara ya kwanza. Katika maisha yangu nilikuwa nimezoea kwenda mahali kwa sababu ya kazi, kuni au maji au jembe. Kukaa tu mahali kwa sababu pazuri, hilo nilijifunzia Kavumbu, nami nilikipenda kile kilima kama mtu anavyompenda mtu.

Kisha ikaja kiangazi cha mwaka jana. Asubuhi moja tulifika kwenye chemchemi na madebe yetu, tukamkuta Ndeti na panga. Alikuwa amekata nguzo, na alikuwa anazisimamisha kwa mstari kutoka kwenye mkonge ulio mbele ya nyumba yake kwenda juu mpaka kileleni. Chemchemi ilikuwa ndani.

"Mkonge ni yangu," alisema, bila hasira, kama mtu anayetoa salamu. "Na kitu iko nyuma ya mkonge pia ni yangu. Leo choteni. Kesho mtu aulize kwanza."

Kufika Jumamosi, kilima kizima kilikuwa na wanaume wanaotembea hatua ndefu. Kila mmoja alianza kwenye mkonge uliopandwa na mkewe, akapanda moja kwa moja juu, na huko juu wakagombana, kwa maana kilele ni chembamba na wao ni wengi. Jioni nilimkuta Muthama wangu anapiga vigingi.

"Unafanya nini?" nilimwuliza.

"Naangalia tu."

"Unaangalia kwa nyundo?"

Akaweka nyundo chini. "Kaluki, wenzangu wote wakichukua, mimi nibaki mjinga? Na watoto nao waniulize kesho?"

Muthama si mtu mbaya. Hakuwa anakitaka kilima. Alikuwa anaogopa kuachwa. Nadhani wengi walikuwa hivyo, na pengine hata mwizi wa kwanza duniani alianza hivyo. Lakini nilikasirika, na tangu siku hiyo nikawa nampikia bila kumsemesha.

Syokau hakupigana na mtu. Alitangaza tu kwamba mwethya haulimi kwa mwanamume yeyote mwenye kigingi Kavumbu. Mvua zilikuwa zinakaribia, mashamba hayajatifuliwa, na wanaume wakagundua kwamba jembe ni zito. Wao wenyewe wakaenda kuomba nzama ikae. Siku hizo za hali ya hatari mkutano ulihitaji ruhusa, basi chifu alitoa ruhusa akatuma na askari mmoja, ambaye alilala tangu mwanzo.

Tulikaa kando ya chemchemi, wazee mbele, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Msemaji wa nzama ni mzee Mutiso. Ni mdogo wa mwili, mpenda ugoro, na akisikiliza hufumba macho hata mgeni hudhani amesinzia. Alimpa Ndeti nafasi ya kwanza.

"Wazee, mimi sina maneno mingi," alisema Ndeti, kisha akasema mpaka kivuli cha mawe kikahama. Kwa ufupi: sheria ya Wakamba ni moja, mkonge ni mpaka, na huu uko mbele ya boma lake. "Watasema ilipandwa na mwethya. Sawa. Mimi nikilimiwa na mwethya, hiyo shamba inakuwa ya nani? Ya mwethya? Si inabaki yangu?"

Wanaume wakaguna kukubali. Hata mimi niliona ni kweli. Kazi ya mwethya ni ya yule aliyelimiwa.

Mutiso akafumbua jicho moja. "Hii yako, nani alipanda kwa mkono?"

"Mishi," alisema Syokau.

Watu wakacheka, na Mishi aliyekuwa amekaa karibu nami akainamisha kichwa.

"Alikuja badala ya bibi yangu," Ndeti akasema haraka. "Muthoki alikuwa amezaa. Huyu alinipandia mimi."

"Mtu akikufanyia kazi, wewe unampa nini?"

"Chakula, mzee. Hiyo inajulikana."

"Ulimpa?"

Hapa lazima nieleze, kwa sababu kesi nzima ilisimama juu ya neno hili. Mwethya haulipwi, hulishwa. Ukila cha mwenye kazi, kazi ya mikono yako ni yake. Ukifanya kazi asikupe hata kikombe cha uji, basi hukumfanyia. Umejifanyia mwenyewe, na wazee watakusikiliza. Ndeti alilijua hilo kuliko sisi sote. Alijua pia kwamba miaka imepita na kwamba hakuna anayekumbuka uji wa zamani.

"Nilimpa," alisema. "Nilimpa isyo ya mahindi na maharagwe, na uji, akakula mpaka akashiba. Mimi sijawahi kunyima mtu chakula kwangu."

Mutiso akamgeukia Mishi. "Mama, ulikula?"

Mishi alisimama, akajifunga kanga vizuri. "Kwa heshima yako, mzee wangu. Siku ile nilikuwa nimefunga. Mwezi ulikuwa wa Ramadhani. Si chakula tu, hata maji hayakupita hapa."

Wanawake wote tukaanza kusema kwa pamoja, maana sote tulikumbuka. Syokau alimgombeza siku ile kwa kukataa uji juani, akamwambia ataanguka juu ya miche. Upande wa nyuma Muthoki, mke wa Ndeti, alisema polepole akimtazama mtoto wake na si mumewe, "Ni ukweli. Hakukula kitu." Njia ya mwongo ni fupi, lakini sijaona iliyokuwa fupi namna ile.

Mutiso alivuta ugoro, akapiga chafya, akajifuta. "Ndeti, umetufundisha vizuri. Mwenye mkonge ndiye mwenye ardhi, na asiyelishwa amejipandia. Basi kama mkonge wa hii kilima unatoa ardhi, kutoka hapa mpaka juu, na haya maji, ni ya Mishi. Kama hautoi, hakuna mtu anapata, ni ya wote vile tulisema, na kila mtu ang'oe vigingi yake." Akamtazama Mishi. "Huu ni wako. Sema wewe. Unatoa ardhi, ama hautoi?"

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyoogopa wakati wa kujifungua. Nyuma ya ule mkonge udongo ulikuwa mweusi bila mtu kutia samadi, na maji yalikuwa hatua chache tu, na hakuna mwana wa mtu ambaye angeoa akamwondoa. Hata Mungu asingempa Mishi kipande kizuri zaidi ya kile. Na akisema unatoa, basi wa kila mmoja unatoa, na Kavumbu kimekwisha. Wanaume waliomnyima pembe ya hatua mbili walikuwa sasa wanamtikisia vichwa wakimtia moyo. Kilonzo alikuwa anatabasamu. Muthama wangu alikuwa anatazama miguu yake.

Hemedi alitoka upande wa wanaume akamwinamia mkewe. Alinong'ona, lakini nilisikia. "Chukua, mke wangu. Mungu amekupa, chukua."

Mishi alimgeukia Mutiso. Aliuliza, "Mzee, mkisema kilima ni cha wote, hao wote ni nani?"

"Ni watu wa hapa."

"Mimi nimo?"

Swali lenyewe halikuwa gumu, lakini sote tulikuwa hatujawahi kujiuliza.

"Nauliza kwa sababu," akaendelea, kwa ile sauti yake ya taratibu, "siku ya kukata nyasi kila nyumba hupewa fungu. Nimechimba mitaro na nyinyi, nimepanda mkonge na nyinyi. Fungu sijapewa hata mara moja. Niliambiwa duka lina mabati."

Ilikuwa kweli. Duka haliezekwi kwa nyasi, na sote tuliona ni sawa. Hakuna aliyefikiri kwamba Mishi angeweza kuliuza fungu lake, au kuwatandikia mbuzi, au kulichoma tu akipenda kwa kuwa ni lake. Uso wangu ulipata moto.

Wazee wakainuka wakaenda kando kushauriana, nyuma ya mawe, kama ilivyo desturi. Walikaa huko muda mrefu. Tuliwasikia wakibishana, sauti ya mzee Ndululu ikiwa juu, kwa sababu Ndululu ni kiziwi nusu na hujibu hata asichoulizwa. Waliporudi, Mutiso alisema neno moja. "Umo."

Nilidhani limekwisha. Mishi hakukaa chini.

"Ahsante, mzee. Lakini neno nimepewa mara mbili katika nchi hii. Kilonzo alinipa neno. Mzee Jonah alinipa neno. Sina ugomvi nao. Ila nimeishi na nyinyi, najua ardhi ya Wakamba husemwa kwa mbuzi. Semeni kwa mbuzi, na mimi nile. Nikishakula nitawajibu kuhusu mkonge."

Wazee wakatazamana. Alikuwa amewashika penyewe. Mbuzi wa ardhi akishaliwa, kila aliyekula ni shahidi, na hakuna anayeweza kurudi nyuma akasema sikuwapo. Ambaye hakula hayumo. Na kila mtu pale alijua Mishi hali nyama isipokuwa imechinjwa na Mwislamu.

"Mbuzi ya ardhi haichinjwi na kisu ya mgeni," Ndululu akapaza sauti. "Inazibwa pumzi, vile baba zetu walifanya."

Jonah naye akasimama, mkono kwenye kola. "Na sisi wa kanisa hatuli mbuzi ya viapo ya wazee. Hiyo tuliacha tulipobatizwa."

Syokau alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Haya. Ndululu hali ya Hemedi. Jonah hali ya Ndululu. Mishi hali yenu nyote. Sasa hao wote mlisema wako wapi? Mimi siwaoni."

Mutiso alifumba macho tena. Kisha akasema, "Jonah. Hemedi akichinja, kwa jina la Mungu wake, hiyo ni mbuzi ya kiapo?"

Jonah alifikiri, na nilimwona anatafuta mahali pa kujificha ndani ya jibu asipate. "Hapana," alisema mwishowe. "Hiyo ni nyama tu. Ndiyo ile tunanunua kwa soko."

"Wewe Ndululu, rika langu. Tulitahiriwa siku moja, nakujua. Unataka kilima, ama unataka pumzi ya mbuzi?"

Ndululu alitema mate pembeni. "Nataka nyama," alisema, na hata askari aliamshwa na kicheko.

Mbuzi alitoka kwa Ndeti, kwa sababu ndiye aliyeshindwa. Alimleta mwenyewe, beberu mwekundu mwenye mafuta, na lazima nimpe haki yake kwamba hakuchagua aliyekonda. Mutiso akachomoa kisu chake kwenye ala, kisu ambacho baba yake alikatia nyama za ardhi kabla reli haijapita Emali, akakigeuza akampa Hemedi upande wa mpini.

Hemedi alikuwa amemkasirikia mkewe. Ilionekana usoni: mwanamke amepewa maji na udongo mweusi, naye anaomba nyama. Alikishika kile kisu akakitazama, akawatazama wazee waliokuwa wamesimama kumsubiri, wakongwe wa nchi hii, mmoja wao amekwisha kumshika mbuzi miguu. Hasira ikamtoka kidogo kidogo mbele ya macho yangu. Alikwenda akakiosha kisu kwenye chemchemi, akamlaza mbuzi, akamwelekeza kibla, akasema bismillahi kwa sauti ambayo sisi sote tuliisikia.

Nyama ilichomwa pale pale. Mgawaji alikuwa Mutiso mwenyewe. Kwa desturi huitwa nyumba moja moja, kwa jina la mwenye nyumba, naye huja kupokea. Akaita kwa Kilonzo, akaita kwa Jonah, akaita kwa Muthama, na mume wangu akaenda akarudi na kipande cha ubavu. Akaita kwa Ndeti, na Ndeti akaenda pia, kwa kuwa mbuzi huliwa na wote. Halafu akaita, "Kwa Mishi." Hakusema kwa Hemedi. Hemedi alimgusa mkewe bega ili ainuke.

Alipokea kwa mikono miwili, akaja akakaa karibu nami, akala. Alikula taratibu, na sisi wote, wenye vigingi na wasio na vigingi, tulimsubiri. Niliona mara moja akiinua macho kuutazama ule udongo nyuma ya mkonge, akautazama vizuri, kama unavyomtazama mtu anayepanda basi la kwenda mbali. Nilimhurumia na nikamshukuru, vyote kwa pamoja.

Mfupa ulipokuwa mweupe aliuweka chini, akanawa mikono, akasimama.

"Mkonge wangu hautoi ardhi," alisema.

Akakaa. Mutiso aliwatazama wanaume. Muthama wangu ndiye aliyeinuka wa kwanza, akapanda kilima peke yake kwenda kung'oa vigingi vyake, na usiku huo nilimsemesha.